Pikapu ya dizeli ya auto: shusha gia kabla ya mteremko, usisubiri ishuke yenyewe

Wakuu, kama unaendesha Hilux au Ranger ya auto ya dizeli na umezoea kuweka D halafu unasahau kama gari ina gia, njoo tuongee. Mjini D inatosha, sina ugomvi. Kazi inaanza siku umepakia matenga ya nyanya pale Ilula, unashuka mlima Kitonga kule Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, mbele semi inatambaa, nyuma basi linakuwashia taa, na gari yako imeng'ang'ania gia ya 5 kama vile haijui kuna mteremko.

Na kweli haijui. Kompyuta ya giaboksi haina macho ya kuona kona ile inakuja, inachosoma ni mguu wako kwenye mafuta, spidi, mzigo wa injini na kama umegusa breki. Ukiachia mafuta inaelewa umetulia, kwa hiyo inaelekea kupanda gia badala ya kushuka. Hizi za kisasa zinajiongeza kidogo, ukikanyaga breki kwenye mteremko inashtuka inashusha moja, ila muda huo spidi umeshaipata na pedi zimeshaanza kuchemka. Ndio maana nasema shusha gia ukiwa bado juu, mwendo mdogo, kabla pua ya gari haijainama.

Kwenye Hilux hizi za gia 6 zilizoanza 2015 unatoa lever kwenye D unaipeleka pembeni kwenye S, halafu unagonga upande wa kutoa (−), kila ukigonga inashuka moja. Ranger za gia 10 unaweka lever kwenye hali ya kubadili gia mwenyewe kisha unatumia vitufe vya + na − vilivyopo kwenye lever. Kitu ambacho wengi hawakijui, kwenye Toyota nyingi namba ile ya dashibodi ni kikomo tu, ukiona 4 maana yake gari haitapanda zaidi ya 4, ila chini ya hapo inaweza kujishusha yenyewe. Kwa hiyo ukiweka 4 spidi ikiwa ndogo ukaona RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) hazijabadilika, usiseme imekufa, inawezekana ilikuwa kwenye 4 au 3 tayari.

Sasa gia ipi? Kwenye giaboksi ya Hilux ile ya 4 ndio moja kwa moja, injini ikizunguka mara moja na propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu, nayo mara moja. Ya 5 na ya 6 ni za kukimbilia tambarare, injini inazunguka mara 0.687 na 0.580 tu kwa kila mzunguko wa propela, mlimani hazishiki kitu. Ukitoka 5 kwenda 4 mizunguko inaongezeka kwa karibu nusu yake, mfano ulikuwa 80 kwa saa na RPM 1,500 hivi, ghafla unaona inacheza kwenye 2,200 na injini inanguruma. Watu wengi hapo wanaogopa wanarudisha D. Acha ingurume! Mimi nikiwa na mzigo Kitonga zile kona mbaya nazishukia gia ya 2, kwenye 40 kwa saa inasoma kama 2,300, pakilegea kidogo naweka 3. Kipimo changu ni rahisi, gari ikijishikilia spidi ileile huku nagusa breki mara mojamoja, hiyo ndio gia yenyewe. Ikiendelea kuongeza mwendo, kanyaga breki kwanza upunguze mwendo NDIPO ushushe nyingine, usigonge tu lever kutafuta 2 ukiwa kwenye 90, Toyota itakupigia mlio mara mbili na kukukatalia, na ina haki.

Halafu kuna stori ya vijiweni kwamba dizeli ina kompresheni kubwa kwa hiyo inajifunga breki yenyewe. Hapana. Hewa ukiibana inarudi kama springi, nguvu nyingi iliyotumika kuibana inaisukuma pistoni kurudi chini. Injini ya petroli ukiachia mafuta kile kidude cha hewa kinajifunga, inabaki inavuta hewa kwa shida na hapo ndipo gari inaposhikwa, wakati dizeli kwa kawaida inavuta hewa bila kizuizi kikubwa. Zile pikapu kubwa za Marekani zenye injini ya Cummins ya lita 6.7 zina breki ya eksozi inayotumia turbo, tangu 2007, ukiiwasha unaona kabisa gari inazuiwa. Hizi zetu za 2.4 na 2.8 hazina hicho kitu, kwa hiyo kinachokusaidia ni gia ndogo na mizunguko mingi tu. Ukiona 3,000 usitetemeke, nguvu yote ya injini hiyo inatoka kwenye 3,400, haiumii.

Na mafuta? Hapa ndio huwa tunabishana sana. Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, nozeli zinakatwa, hamna tone linaloingia, kelele yote ile ni magurudumu yanazungusha injini. Anayeweka N ashuke "fri" ndiye anayechoma dizeli maana injini inahitaji kula ili isizime, na tena amebakiwa na breki peke yake za kumuokoa. Hiyo sio ujanja.

Breki nazo usiziwekee mguu moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kanyaga vizuri mpaka 35, achia kabisa, acha ipande mpaka 45, kanyaga tena, zinapata nafasi ya kupoa. Na 4x4 kwenye lami kavu hapana, Hilux ikiwa H4 (4x4 ya mwendo wa kawaida) inafunga mbele na nyuma pamoja, kona zinakuwa ngumu na unaumiza vyuma. L4 (4x4 ya mwendo wa polepole) ni ya huko kwenye vumbi na matope milimani, unasimama, unaweka N, ndio unazungusha swichi ya 4x4.

Kupanda ni habari nyingine kidogo. Dizeli ina nguvu chini kwa chini, 2.8 inatoa mvuto wake wote kuanzia 1,600, kwa hiyo kompyuta inajaribu kubaki na gia kubwa, inashindwa, inashusha, inapanda tena, inatafutatafuta. Wakati mwingine wala sio gia, ni toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) inafunga na kuachia, unaona RPM zinaruka 200 au 300 tu. Yote hayo yanachemsha mafuta ya giaboksi. Weka kikomo kwenye 4 au 3 itulie, au bonyeza kitufe cha PWR (cha nguvu zaidi) kama kipo.

Ule mshtuko wa "kop" ukikaribia kusimama, gia ikirudi 1, usikimbilie kufungua giaboksi. Mimi kuna fundi alinipigia hesabu ya giaboksi nzima, nusura niuze kiwanja, mwingine akalala chini dakika kumi akapiga grisi kwenye propela na kuangalia krosi, yaani viungo vya propela, ikaisha. Ikigoma ndio uangalie mafuta ya giaboksi. Hilux hii haina kijiti cha kupimia, mafuta yanapimwa kwa joto maalum kwa kufungua nati ya chini, kwa hiyo mtu akikwambia "nimeongeza kidogo" bila kupima joto, mkimbie. Na usikubali mafuta tofauti na ATF WS, aina ya mafuta ya giaboksi hii, kwa sababu tu yana rangi nyekundu, rangi sio kipimo.

Ukifika chini Ruaha Mbuyuni rudisha lever D. Najua inachekesha kuandika hili, ila nimeshawahi kwenda mpaka Mikumi na gia ya 4, redio juu, najiuliza mbona leo gari inapiga kelele na geji ya mafuta inashuka kama tenki limetoboka.