SOMO: Kumpiga picha anayemaliza sekondari akiwa na familia yake

Wakuu habari, hili limeulizwa sana. Cha kwanza mshike hiki, kijana ndo mwenye shughuli lakini familia sio pazia la nyuma yake, wale ndo waliomfikisha hapo na picha inatakiwa iseme hivyo.

Hatua ya 1. Ongea nao kabla ya siku yenyewe. Uliza nani kamlea, nani anataniana na nani, nani magoti yanamsumbua. Andika makundi ya picha, nani apigwe na nani, sita yanatosha.

Hatua ya 2. Mwanga. Lisaa la mwisho kabla jua halijazama ndo zuri. Kama ni mchana ingiza watu WOTE kivulini, nusu uso ukipigwa na jua hutaurekebisha kwenye kuediti.

Hatua ya 3. Anza na familia nzima, mhitimu peke yake mwishoni, maana watoto na bibi wanachoka mapema, halafu na yeye akishacheka na ndugu zake anakuwa kalegea, ukimuanzisha peke yake huku watu kumi wanamkodolea macho anakauka.

Hatua ya 4. Setingi. Mistari miwili ya watu nenda f/5.6 mpaka f/8 (hiyo f ni uwazi wa tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo na wa mbele na nyuma wote wanatoka wazi), shata, yaani kasi ya kupiga, isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipandishe tu hata 1600, chenga (punje punje kwenye picha) kidogo sio shida, sura iliyotikisika ndo shida. Fokasi kwenye jicho la mhitimu, awe mstari wa mbele. Akibaki mwenyewe, lenzi ya 85mm na f/2 inapendeza mno, nyuma yake panafifia.

Hatua ya 5, hapa ndo penyewe. Usiwapange kama foleni, wengine wakae, vichwa visilingane, kila mkono uwe umemgusa mtu. Ukimaliza waambie "haya tupumzike" ila kamera usiishushe. Kuna binti nilimpiga aliganda kabisa, nikasema tupumzike, kaka yake akachuchumaa kumfunga kamba ya kiatu kwa sababu joho lilikuwa linamsumbua, binti akamshika kaka kichwani asianguke huku mama yao anamrudishia kofia vizuri. Nilipiga tatu tu, na ya pili ndo mama aliichagua ikae sebuleni, zile za pozi zote aliziacha.

MASWALI

Swali: Mwalimu mimi nina simu tu, itawezekana?
Jibu: Vizuri tu. Futa kioo cha kamera, na usiwashe kile kipengele cha kufifisha nyuma kwenye kundi, kinakula nywele na masikio na wa mstari wa nyuma unakuta wamefifia. Lenzi pana (ile inayoingiza eneo kubwa) pia iache, wa pembeni wanavutika sura.

Swali: Kuna mtu lazima afumbe macho, nifanyeje?
Jibu: Waambie wafumbe wote, hesabu mpaka tatu wafumbue, hapo hapo piga mfululizo kama nane. Kamera ikiwa kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu) unaweza hata kuchukua uso kutoka picha nyingine ya pozi hilo hilo.

Swali: Mkuu, wazazi wakiwa wameachana na hawataki kusimama pamoja?
Jibu: Usiwalazimishe dada. Muulize kijana pembeni, mapema, yeye anatamani nini. Mpige na kila upande kwa muda ule ule, usionyeshe haraka kwa yeyote. Wakikubali wenyewe, muweke katikati awashike mikono wote wawili, usiwaambie wasogeleane, na piga haraka wakati bado anatabasamu.