Golf GTI na matairi ya mvua: ninavyobadilisha kila Novemba hapa Mtwara

Golf yangu, gari la Volkswagen, ilishuka bandarini kutoka Japani na matairi ambayo kila aliyeyaona alinipongeza. Kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zimejaa, hakuna mpasuko, ubavuni yameandikwa STUDLESS. Nami nikafurahi. Ilipofika mvua ya kwanza ya Desemba, nateremka Mikindani nyuma ya lori la korosho, nikakanyaga breki. Kanyagio likatetemeka chini ya mguu, gari likaendelea kwenda kama halijasikia. Liliposimama, ningeweza kunyoosha mkono nikagusa bodi la lori.

Yale yalikuwa matairi ya theluji. Wajapani wa kaskazini, kule Hokkaido, huyafunga wakati wa baridi, na mpira wake umetengenezwa ili ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7. Mtwara nyuzi 7 hatuzijui. Kwa jua letu la saa nane mchana tairi hilo linakuwa kama kifutio: niliminya kashata kwa kucha, alama ikabaki, nikaisukuma kwa kidole gumba, ikalala. Kashata inayolala haishiki lami, na inaisha upesi. Ukikuta neno hilo ubavuni, mara nyingi na herufi Q mwishoni mwa saizi (yaani mwendo usizidi kilomita 160 kwa saa), panga kuyatoa mapema. Alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji peke yake isikutishe, kwa sababu ipo pia kwenye baadhi ya matairi ya misimu yote.

Kinachotutesa huku kusini ni mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Mimi naishi Shangani, mama yangu yuko Tandahimba, na kila baada ya wiki mbili lazima nimwone. Lami ikiisha unakutana na changarawe, mchanga mwekundu na madimbwi yasiyoonyesha kina. Kwa hiyo nina seti mbili: rimu za inchi 17 za kiangazi, na za inchi 16 za mvua.

Kwa nini 16? Golf GTI ya toleo la tano inavaa 225/45R17, yaani upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17. Ukiweka 205/55R16, ubavu wa tairi unapanda kutoka milimita 101 hadi 113, na shimo likikukuta rimu inapona. Kipenyo cha tairi zima kinatofautiana kwa milimita mbili na kitu tu, 634 kwa 632, hivyo spidomita haikudanganyi. Tairi jembamba pia linakata maji vizuri kuliko pana. Diski ya breki ya mbele ya gari hili ina milimita 312, na rimu ya 16 inaipita, lakini si kila muundo. Kabla ya kulipa, weka rimu tupu kwenye gari, ifunge kwa bolti mbili, izungushe kwa mkono usikilize kama inagusa kalipa, kile kibanio cha breki.

Ukitafuta rimu, sema namba hizi bila aibu: matundu matano, duara linalopita kwenye matundu hayo milimita 112, tundu la katikati 57.1, kina cha rimu (ofseti, huandikwa ET) karibu na 50. Usikubali za duara la 114.3, hata muuzaji akikuapia kwamba zinaingia. Rimu za Benzi nyingi zina duara la 112 lakini tundu lake ni 66.6, hizo zinahitaji pete ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka mpaka mikono ife ganzi. Kwa tairi tafuta 91V au zaidi (91 ni uzito linaobeba, V ni mwendo), lenye mifereji mipana inayozunguka tairi zima. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Alama ya mwisho wa tairi iko kwenye milimita 1.6, ila mimi kwa mvua nikifika 3 natoa.

Sasa bolti. Hapa naomba usome polepole.

Mwaka wa kwanza nilinunua rimu 16 za madukani, si za Volkswagen. Gereji moja ikanifungia kwa bolti zilezile za zamani. Siku mbili baadaye, napita Naliendele, nikasikia kitu kinagonga mbele kushoto, ko, ko, ko, kikifuata mwendo. Nikaegesha, nikashika bolti moja: ikazunguka kwa vidole. Nilirudi taratibu kwa mzee wa pancha wa Chikongola. Nikamwamkia, akaichomoa, akaigeuza juani.

"Binti yangu, umeona huu mstari?"

Niliuona. Shingoni mwa bolti kulikuwa na kijistari kinachong'aa, chembamba kama uzi, na kwingine kote kutu.

"Hapo tu ndipo ilipokuwa inakaa."

Bolti za Golf zina shingo ya mviringo kama mpira. Rimu nyingi za madukani zina kitako chenye umbo la koni, kilichonyooka. Zikikutana zinagusana kwenye uzi huo mmoja, halafu zinalegea. Rimu ya Volkswagen, iwe ya chuma au ya alumini, ifunge kwa bolti hizo za shingo ya mviringo. Rimu nyingine itazame kitako chake kwanza, ununue bolti zinazolingana, M14 kwa 1.5 (unene milimita 14, nafasi kati ya nyuzi zake milimita 1.5). Bolti iingie angalau mizunguko saba na nusu kabla haijakaza. Seti zangu mbili za bolti nazihifadhi kwenye mikebe tofauti, na kila mkebe una picha ya rimu yake.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Egesha pagumu; uani kwangu ni mchanga, kwa hiyo jeki naiweka juu ya ubao mpana. Handibreki juu, gia ndani, jiwe nyuma ya tairi. Legeza bolti nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ukianza na ile ya kuzuia wizi yenye soketi yake, maana soketi hiyo ndiyo hupotea. Jeki ikae kwenye alama zilizo chini ya kizingiti cha mlango, si kwenye bati.

Chumvi ya bahari itakuwa imegandisha rimu kwenye habu, kile kitovu cha chuma inapokaa. Ipige teke tairi kwa pande, huku na huku, na usiingize mguu wala mkono chini ya gari. Kisha sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, upake grisi kidogo sana kwenye mdomo wa katikati tu. Bolti zibaki kavu.

Golf haina studi za kutundikia rimu, hivyo utahangaika kuishikilia huku ukitafuta tundu. Baadhi ya magari yana kijiti cha plastiki kwenye vifaa vyake. Kikaze tundu la juu, tundika rimu, anza bolti nne kwa vidole, kitoe, weka ya tano. Kama tairi lina mshale, uelekee upande linakozunguka gari likienda mbele. Kaza kwa kuruka moja kila mara, shusha gari, malizia kwa nguvu ya kuzungusha ya 120 Nm. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu hiyo, spana ya nusu mita ikilala usawa inahitaji uzito wa kilo 24 hivi mwishoni mwake, karibu sawa na mfuko wa kilo 25. Usisimame juu yake, utaharibu nyuzi za bolti.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba zilizobandikwa ndani ya kifuniko cha tangi au kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Za 17 naziosha, naziandika kwa chaki KM, KN, LM, LN (K kushoto, L kulia, M mbele, N nyuma), nazilaza chini ya kitanda mbali na jua. Halafu naenda kwa mama. Nikirudi, kilomita zimepita mia, nakaza bolti zote upya kabla hata ya kushusha muhogo aliotupakilia.