SOMO: Kuelezea spishi mpya ya jongoo bahari wa kina kirefu

Naliandika mara moja, nimechoka. Kuanzia leo ukinitumia picha na "mkuu, huyu mpya?", narudisha hapa.

1. Mpige picha akiwa hai huko huko chini, kwa kamera ya roboti. Hawa wa mita elfu kadhaa karibu mwili wote ni maji. Wakifika juu wananywea, na kwenye spiriti rangi inapotea.

2. Kata kipande kidogo cha nyama cha DNA, tia kwenye ethanoli ya 95%.

3. Lebo kwa penseli, ikae ndani ya chupa. Mifuniko huhama.

4. Vijifupa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ngozi ya jongoo ina vijifupa vya chokaa visivyoonekana kwa macho: kwenye familia ya Laetmogonidae utakuta magurudumu, kwa Elpidiidae wengi vijiti vya matawi manne. Bila hivyo huna la kueleza. Chukua ngozi ya mgongoni, ya tumboni, ya minyiri na ya miguu, kila kipande kivyake, maana vijifupa hubadilika sehemu kwa sehemu. Dondosha jiki kwenye slaidi, nyama iyeyuke, kisha suuza, suuza tena. ONYO: jiki isiposuuzwa ikakauka, inaacha fuwele za chumvi, na watu wamezichora wakidhani ni vijifupa. ONYO: ukiizidisha muda, kingo za vijifupa zinalika. ONYO kubwa: usimhifadhi kwenye fomalini isiyotiwa boraksi, chumvi ya kuzuia asidi. Inageuka asidi taratibu na kula chokaa yote. Siku unafungua chupa una mfuko wa ngozi tu.

5. Linganisha na vielelezo vya makumbusho, usitegemee maandishi peke yake. Wengi walielezwa na Hjalmar Théel, mtaalamu wa wanyama wa Sweden, mwaka 1882 na 1886, kutokana na msafara wa utafiti wa meli ya Challenger (1872–1876). Psychropotes longicauda, yule mwenye mkia mrefu mgongoni, ni wa 1882. DNA imeonyesha jina hilo limebeba spishi zaidi ya moja.

6. Teua holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, taja makumbusho itakapotunzwa. Bila hayo jina halisimami.

7. Chapisha. Jarida likiwa la mtandaoni tu, makala isajiliwe kwanza ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili uonekane ndani yake.

MASWALI

Mzee wa Dau: Mkuu, kilo bei gani?
— Hawa hawauzwi. Ukiwaanika hakibaki kitu. Wa biashara ni wa maji mafupi.

Msomi Mtarajiwa: Nina picha ya roboti, safi kabisa. Sampuli ya nini tena?
— Namba 4.

Msomi Mtarajiwa: Nimesoma. Naona unakatisha watu tamaa.
— Sikatishi mtu. Hiyo picha imepigwa kutoka juu. Nihesabie minyiri yake basi.

Binti Mikindani: Shikamoo mwalimu. Nilisoma kwamba kina kikizidi sana, maji yenyewe huyeyusha chokaa. Mbona vijifupa vyao havipotei?
— Marahaba mwanangu, hilo ndilo swali. Vimezama ndani ya ngozi iliyo hai, na mnyama mwenyewe anavijenga na kuvitunza, havigusani na maji ya nje. Akifa, utunzaji huo umekwisha, ndiyo maana chupa yenye asidi inavimaliza. Jina je, umelifikiria? La Kiswahili linakubaliwa, mradi herufi za Kilatini.

Msomi Mtarajiwa: Naweza kumpa jina langu?
— Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama haikukatazi. Wenzako watacheka.

Fundi Hadubini: Nyongeza, jiki iliyokaa dukani muda mrefu huishiwa nguvu. Nunua mpya.
— Kweli kabisa.

Binti Mikindani: Chuoni hatuna hadubini ya elektroni, tuna ya kawaida tu.
— Inatosha kuanzia. Tafuta vioo viwili vya miwani ya jua ya polaroidi, kimoja chini ya slaidi, kingine juu. Zungusha cha juu mpaka kuwe giza. Vijifupa vitang'aa, chumvi ya kawaida haing'ai, kwa hiyo na lile tatizo la fuwele utakuwa umelipunguza.