Sakafu ya joto: amua kabla zege halijamwagwa

Mnaojenga Ujerumani, mwombeni fundi mchoro wa mabomba ya maji moto yanayopita chini ya sakafu kupasha nyumba, chumba kwa chumba, kabla hajamwaga zege la sakafu. Likishakauka, hakuna kurekebisha.

Bomba la milimita 16 lisizidi kama mita 100 kwa mzunguko mmoja, mkihesabu na kipande cha kwenda na kurudi kwenye kigawanyio cha maji, pale maji moto yanapogawanywa kwa kila mzunguko. Likizidi, pampu inahangaika na mwisho wa chumba unabaki baridi. Mabomba yakiachana sentimita 15, kila mita ya mraba inakula karibu mita 7, kwa hiyo sebule ya mita 25 za mraba inataka mizunguko miwili. Bafuni mimi ningebana hadi sentimita 10. Eneo ni dogo, na nani anataka kuoga akitetemeka?

Faida ya kubana ni kwamba maji ya nyuzi 35 hutosha nyumba mpya iliyozibwa vizuri, na pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje kupasha maji hayo, hula umeme kidogo. Ukilazimika kupandisha hadi 45, bili itakueleza. Vigae hupitisha joto vizuri kuliko mbao. Zulia zito la sebuleni, lile tunalolipenda sana, linalizuia.