Jinsi ya kuomba kuwa mhakiki wa miswada katika jarida la tiba ya mifugo

Mswada kuhusu ndigana kali ya ndama, ugonjwa unaoenezwa na kupe, unaweza kuandikwa kwa damu iliyochukuliwa Simanjiro, wilaya ya wafugaji kaskazini mwa Tanzania, kisha ukahakikiwa na mtu ambaye hajawahi kusimama kando ya josho. Mtu huyo anaweza kuwa msomi mzuri sana, lakini yapo maswali ambayo hatayauliza. Ndiyo maana nawasihi madaktari wa mifugo wa kwetu waombe kazi hii ya kuipima miswada kabla haijachapishwa, ingawa majarida mengi hayailipi.

Kabla ya kugonga hodi, jiandae. Wahariri wengi humtafuta mtu mwenye shahada ya uzamivu au aliyekwisha kuchapisha makala za utafiti. Kama bado uko kwenye uzamili, mwombe msimamizi wako muuhakiki pamoja mswada aliopewa, lakini kwanza yeye amwombe mhariri ruhusa na jina lako litajwe. Fungua namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti mtandaoni. Ina tarakimu 16, hutolewa bure, na humtofautisha Mushi mmoja na mwingine. Tumia baruapepe ya chuo au taasisi ukiwa nayo.

Kisha jisajili katika mfumo ambao jarida hupokelea miswada. Mengi hutumia Editorial Manager au ScholarOne. Weka alama kwamba uko tayari kuhakiki, halafu jaza sehemu ya utaalamu kwa makini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukiandika “magonjwa ya mifugo”, mhariri hatakuona kati ya mamia ya watu. Taja vimelea kwa majina yake ya kisayansi, kama Theileria parva ya ndigana kali, taja aina ya mnyama, na taja vipimo unavyovifanya kwa mikono yako mwenyewe. Baada ya hapo mwandikie mhariri barua ya aya mbili: unajua nini hasa, umechapisha nini, na kwa mwaka unaweza kupokea miswada mingapi. Jarida likikudai ada ili uwe mhakiki, achana nalo.

Mwaliko ukija utaonyeshwa kichwa cha mswada na ikisiri. Jibu ndani ya siku mbili tatu, hata kama unakataa, na ukikataa pendekeza mwenzako anayeifahamu mada. Kama mwandishi alikuwa msimamizi wako, au mna mradi mmoja, mweleze mhariri mapema. Ukikubali, mswada ni siri: usimwonyeshe mtu, wala usiutie kwenye programu ya akili mnemba ili ikufanyie muhtasari.

Sasa soma mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kalamu. Mara ya pili anza na mbinu za utafiti. Angalia kama kuna kibali cha maadili na ridhaa ya mfugaji. Kwa majaribio ya wanyama shika mwongozo wa kuripoti utafiti uitwao ARRIVE, uliotoka 2010 na kurekebishwa 2020. Kwa tafiti za kupima mifugo bila kuifanyia jaribio, shika mwongozo wa STROBE-Vet wa 2016.

Chukua mfano. Mswada unasema ng’ombe 400 walipimwa brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, kwa kipimo cha damu cha Rose Bengal. Uliza wametoka maboma mangapi. Mia nne kutoka maboma 8 si sawa na 400 kutoka maboma 80, kwa sababu ng’ombe wa zizi moja hunywa maji pamoja na hupandwa na dume mmoja, na ugonjwa ukiingia huwapata kwa mkupuo. Hesabu isiyolijali zizi hutoa uhakika ambao haupo. Uliza pia kama waliwahi kupewa chanjo ya brusela iitwayo S19, maana kinga yake inaweza kufanya kipimo kisome chanya, na kama kulikuwa na kipimo cha pili cha kuthibitisha. Na mwandishi anaposema “kundi”, ana maana gani? Familia kadhaa zinaweza kulaza mifugo ndani ya boma moja na mchana kila moja ikachunga kwake. Swali hilo la mwisho ndilo ninalotaka uliulize wewe unayetoka huku.

Ripoti ianze kwa kueleza utafiti kwa maneno yako, ili mwandishi ajue umemwelewa. Yafuate mambo makubwa, kisha madogo, yote yakiwa na namba za mistari. Mswada wangu wa kwanza ulirudi na sentensi mbili: si mpya, sampuli haitoshi. Nilikaa nao miezi nisijue pa kuanzia. Kwa hiyo usiandike “takwimu ni dhaifu”. Andika: “Mstari wa 142, uchambuzi haukuzingatia boma. Rudieni kwa modeli ya takwimu inayolihesabu, na mtaje idadi ya ng’ombe kwa kila boma.” Usimlazimishe mwandishi anukuu makala zako.

Pendekezo lako, iwe kukubali, marekebisho madogo, marekebisho makubwa au kukataa, liweke kwenye sehemu ya mhariri peke yake. Huko pia ndiko pa kueleza ukishuku wizi wa maandishi au picha ya jeli ya maabara iliyochezewa.

Mswada uliorekebishwa ukirudi, anza na barua ya majibu, linganisha kila jibu na mstari wake, na usizue madai mapya uliyoyaacha mwanzoni, isipokuwa umeona kosa linalobadili matokeo.