Jinsi ya kuendesha uchunguzi wa maunzi seva inapowaka

Seva ikiwa kazini, mfumo endeshi umeshika kila kitu: RAM imejaa data za programu, diski zinasomwa na kuandikwa, na kadi za mtandao zinapitisha mawasiliano ya watumiaji. Katika hali hiyo hakuna programu inayoweza kuandika na kusoma kila seli ya RAM, kwa sababu sehemu kubwa ya RAM hiyo haiko huru kuguswa. Nafasi ya kuyapima maunzi yenyewe hupatikana pale seva inapowaka, kabla mfumo endeshi haujapakiwa. Fundi anayeifahamu nafasi hiyo hahitaji kubahatisha kwa kubadilisha RAM leo na bodi kuu kesho, kwa sababu anafika kwenye kifaa kibovu akiwa na ushahidi mkononi.

Kwanza ni vizuri kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kila seva inapowashwa hupitia hatua inayoitwa POST, ambayo BIOS au UEFI (programu ya msingi iliyo kwenye bodi kuu, inayoiwasha seva) huitumia kuhakikisha kwamba prosesa, RAM, kidhibiti cha diski na vifaa vingine vipo na vinaitika. POST si uchunguzi wa kina. RAM yenye seli chache mbovu inaweza kupita POST kila siku, kisha ikaiangusha hifadhidata usiku wa manane wakati mzigo umekuwa mkubwa. Kwa hiyo kauli ya kwamba "seva imewaka vizuri" haithibitishi kwamba maunzi ni mazima. Vilevile, katika seva zenye RAM nyingi, skrini inaweza kubaki nyeusi au kusimama mahali pamoja kwa dakika kadhaa wakati BIOS inarekebisha mawasiliano kati ya prosesa na RAM, hasa baada ya kubadilisha moduli (vipande) za RAM. Usikimbilie kuchomoa waya wa umeme katika kipindi hicho, maana utairudisha seva mwanzo na hutajua kama ilikuwa imekwama kweli.

Katika maelezo haya nitatumia seva za Dell PowerEdge kuanzia kizazi cha 12, kwa sababu zinapatikana kwa wingi hata katika soko la mitumba na zana zake za uchunguzi zimo ndani ya seva yenyewe. Hatua zenyewe, ukiacha majina ya menyu na vitufe, zinafanana katika seva za kampuni nyingine.

Kabla ya kuizima seva, soma daftari lake la matukio na ulinakili. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. PowerEdge ina kompyuta ndogo ndani yake iitwayo iDRAC, ambayo hubaki hai maadamu waya wa umeme umechomekwa, hata seva ikiwa imezimwa, na huandika kila hitilafu inayoigundua: RAM iliyosahihisha makosa, feni iliyopungua mwendo, pawasapulai (kifaa kinachoipa seva umeme) iliyopoteza umeme, joto lililozidi kiwango. Unaweza kulisoma daftari hilo kwenye ukurasa wa iDRAC, kwa amri ya racadm getsel (racadm ni zana ya amri ya iDRAC), au ukiwa ndani ya Linux kwa amri ya ipmitool sel elist. Lihifadhi kwenye faili nje ya seva hiyo. Usilifute kwa sasa, hata kama taa ya tahadhari iliyo mbele ya seva inakusumbua macho.

Unaposoma saa za matukio, angalia saa ya iDRAC imewekwaje. Huenda inafuata UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ikiwa ni hivyo, tukio lililoandikwa 23:10 lilitokea saa nane na dakika kumi usiku wa kuamkia siku inayofuata. Bila kufanya hesabu hiyo huwezi kulilinganisha na muda umeme ulipokatika au jenereta ilipowaka, na mara nyingi ulinganisho huo ndio unaoonyesha kwamba tatizo haliko ndani ya seva kabisa.

Kisha panga muda wa kusimamisha huduma. Hakikisha nakala rudufu zipo na kwamba umejaribu kuzirejesha, hamisha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) kwenda seva nyingine kama una klasta, yaani kundi la seva zinazosaidiana, na uwaambie watumiaji kwamba huduma itakosekana kwa saa kadhaa. Uchunguzi wa kina wa seva yenye RAM nyingi unaweza kuchukua usiku mzima, na uchunguzi uliokatishwa katikati kwa sababu ofisi imefunguliwa hauna faida kubwa.

Izime seva kwa utaratibu kupitia mfumo endeshi, kisha iwashe ukiwa mbele ya skrini yake au kupitia konsoli pepe ya iDRAC, inayokuonyesha skrini hiyo ukiwa mbali. Nembo ya Dell inapotokea, bonyeza F10 ili uingie Lifecycle Controller, zana ya usimamizi iliyo ndani ya seva. Ukiwa humo chagua Hardware Diagnostics, kisha Run Hardware Diagnostics, na seva itajiwasha upya ikielekea kwenye programu ya uchunguzi. Njia ya pili ni kubonyeza F11, kuingia System Utilities na kuchagua Launch Diagnostics. Uchunguzi ukianza, feni zinaweza kuvuma kwa nguvu kuliko kawaida kwa sababu nazo zinapimwa, na hilo lisikutie hofu.

Awamu ya kwanza ni ya haraka: hupitia feni, vihisi vya joto, betri, prosesa, diski na sehemu ya RAM. Ukiulizwa kama ungependa kuendelea na majaribio ya RAM yaliyosalia, kubali. Watu wengi huishia kwenye awamu ya haraka, wakaona alama za kijani na kutangaza kwamba seva ni nzima, ilhali RAM ambayo ndiyo waliyoishuku haijapimwa ipasavyo.

Jaribio likishindwa, programu huonyesha ujumbe wenye namba ya kosa na namba ya uthibitisho. Piga picha skrini na uandike namba zote mbili kabla ya kubonyeza kitu kingine. Namba ya kosa hueleza aina ya hitilafu: kwa mfano 2000-0123 huhusu RAM iliyoshindwa jaribio la uadilifu wake, na 2000-0142 huhusu diski iliyoshindwa kujipima yenyewe. Kama seva iko ndani ya dhamana, namba hizo pamoja na nambari ya huduma ya seva (Service Tag) ndizo msaada wa kampuni utakazokuuliza kwanza, na ukiwa nazo unapunguza mazungumzo marefu ya kuombwa urudie jaribio lilelile.

Kama seva iko katika kituo cha data kilicho mbali, si lazima usafiri. Amri ya racadm diagnostics run -m 1 -r graceful -s TIME_NOW huizima seva kwa utaratibu na kuanzisha uchunguzi wa kina. Namba 0 baada ya -m humaanisha uchunguzi wa haraka, 1 wa kina, na 2 vyote viwili. Amri hiyo hukupa kitambulisho cha kazi unachoweza kukifuatilia kwa racadm jobqueue view, na ikimalizika, racadm diagnostics export hukutolea matokeo kwenye faili katika folda ya pamoja ya mtandao wako.

Kwa wenye seva nyingine maelezo ni mafupi. HPE ProLiant hutumia F9 kuingia System Utilities na F10 kuingia Intelligent Provisioning. Lenovo ThinkSystem hutumia F1, na ndani yake mna majaribio ya RAM na diski. Katika seva za Supermicro, ambazo kwa kawaida huingiwa BIOS kwa kitufe cha Delete na menyu ya kuwashia kwa F11, njia rahisi ni kutumia flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM. Programu hiyo ni ya bure, na tangu toleo la 6 lililotoka mwaka 2022 inawaka kwenye UEFI. Iwapo Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaozuia programu zisizotambulika kuwaka) itaizuia, izime kwa muda na ukumbuke kuirejesha.

RAM inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha mafundi wengi. Seva hutumia RAM ya ECC, ambayo husahihisha kosa la biti moja na kugundua kosa la biti mbili. Kwa sababu usahihishaji huo hufanyika ndani ya maunzi kabla data haijaifikia programu, Memtest86+ inaweza kumaliza usiku mzima bila kuonyesha kosa hata moja huku RAM ikisahihishwa mara kwa mara chini yake. Matokeo ya jaribio la RAM kwenye seva hayajakamilika mpaka urudi kwenye daftari la matukio na kuona kama jaribio lenyewe limeongeza maandishi mapya. Nalichukulia onyo la makosa yaliyosahihishwa, yanayojirudia kwenye moduli ileile, kuwa sababu tosha ya kuchukua hatua. Katika PowerEdge za kizazi cha 14 na kuendelea, hatua ya kwanza inaweza kuwa kuiwasha seva upya tu, kwa sababu BIOS iliyosasishwa ina uwezo wa kuziondoa matumizini seli mbovu na kutumia za akiba wakati wa kuwaka. Onyo likirudi baada ya hapo, moduli ibadilishwe.

Daftari hutaja sloti, kwa mfano A3. Lakini kutajwa kwa sloti si hukumu kwa moduli iliyomo. Zima seva, chomoa nyaya zote za umeme, vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli, kisha badilishana moduli ya A3 na ile ya sloti nyingine yenye moduli ya aina na ukubwa uleule, na urudie uchunguzi. Kosa likihamia sloti mpya, moduli ndiyo mbovu. Kosa likibaki A3, angalia sloti yenyewe, bodi kuu, na prosesa inayohudumia sloti hiyo, kwa sababu kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na pini moja iliyopinda kwenye soketi inatosha kuleta hitilafu inayofanana kabisa na RAM mbovu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha moduli mbili na kusasisha BIOS katika kikao kimoja, seva ikapona, hutajua kilichoiponya, na hutajua ni moduli ipi ya kutupa.

Kwa diski, kumbuka kwamba programu ya uchunguzi inaweza kuona ile diski pepe iliyoundwa na kidhibiti cha RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja) badala ya diski halisi zilizo nyuma yake. Ili kuzifikia, washa Linux kutoka kwenye flashi na utumie amri ya kupima diski, smartctl -t long -d megaraid,0, ikifuatiwa na jina la diski pepe, huku ukibadilisha namba ili ipatane na diski unayoitaka. Matokeo utayasoma baadaye kwa -l selftest. Kama safu ya RAID tayari imepoteza diski moja, usichomoe nyingine kwa ajili ya majaribio.

Pawasapulai hupimwa kwa haraka. Seva ikiwa na mbili, na huduma ikiwa bado imesimamishwa, chomoa waya wa moja na uone kama seva inaendelea, kisha urudishe na kuchomoa wa pili.

Hutokea pia kwamba majaribio yote yanapita na seva inaendelea kuanguka. Hapo usiseme kwamba uchunguzi ni bure. Rudia uchunguzi wa kina mara kadhaa mfululizo, na ufanye hivyo mchana wakati chumba kina joto, kwa sababu kifaa kinachoshindwa kikipata moto kitapita kila jaribio la alfajiri. Safisha vumbi kwenye njia ya hewa na linganisha vipimo vya joto vya iDRAC kabla na baada. Hakikisha pia toleo la BIOS na la iDRAC si la zamani, maana baadhi ya hitilafu zinazoonekana kama za maunzi hutibiwa na sasisho.

BIOS ya PowerEdge ina mpangilio uitwao System Memory Testing, ambao huifanya seva ipime RAM kila inapowaka. Kwa kawaida umezimwa. Mimi huuwasha kwa seva mpya au iliyotoka kufanyiwa matengenezo, kisha huuzima, kwa sababu katika seva yenye RAM nyingi unarefusha sana muda wa kuwaka, na siku umeme ukirudi baada ya kukatika, kila dakika ya kusubiri inawaumiza watumiaji. Mpangilio wa pili ni F1/F2 Prompt on Error. Ukiwa umewashwa, POST ikikuta kosa, hata dogo, seva husimama ikisubiri mtu abonyeze kitufe. Uache hivyo wakati wa uchunguzi, ili kosa lisikupite. Kwa seva iliyo mahali pasipo na mtu, uzime kazi ikiisha, lakini uzime tu baada ya kuiweka iDRAC itume tahadhari kwa barua pepe na kujaribu kwamba tahadhari hizo zinafika kweli.

Kifaa kibovu kikishabadilishwa, ndipo unapofuta daftari la matukio kwa racadm clrsel, ukiwa tayari na nakala yake. Endesha uchunguzi wa kina tena kuanzia mwanzo, soma daftari jipya, na hifadhi pamoja nakala ya daftari la zamani, picha za namba za kosa, nambari ya moduli au diski iliyotolewa, sloti iliyotoka na tarehe. Iache seva ifanye kazi chini ya mzigo wa kawaida kwa siku chache ukilikagua daftari hilo kila asubuhi, kabla ya kuirudishia mashine pepe ambazo ofisi haiwezi kukaa bila hizo.