Kabla hujagusa mtandao wa seva iliyo ng'ambo

Seva ninayoitunza iko Faza, kisiwani Pate, nami nakaa Lamu mjini. Siku niliyokosea jina la kadi ya mtandao, nikaandika enp2s0 badala ya enp3s0, mawasiliano yalikatika papo hapo. Ikabidi ningoje maji yajae ndipo boti ipite Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari ulio njiani.

Kwa hiyo tayarisha kwanza njia ya kurudi. Kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux) inayotumia Netplan, programu ya kupangia mtandao, usikimbilie `netplan apply`. Tumia `netplan try`: hujaribu mipangilio mipya, na usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120, huirudisha ile ya zamani. Sekunde hizo zingeniokolea safari nzima. Faili la zamani linakili pia, ila nakala usiiache ndani ya /etc/netplan ikiwa na kiishio cha .yaml, maana Netplan husoma mafaili yote ya namna hiyo. Na unapoandika, sogeza mistari kwa kitufe cha nafasi, Tab haikubaliwi.

Kisha andika daftarini hali ilivyo sasa. `ip a` itakupa majina ya kadi za mtandao na anwani zake, `ip route` itakuonyesha lango la kutokea, na `resolvectl status` itataja seva za DNS, yaani zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Jina la kadi usilikisie kwa mazoea. Eth0 tuliyoizoea zamani huenda haipo kabisa.

DNS ndiyo inayowachanganya wengi. Ukifungua /etc/resolv.conf ukakuta 127.0.0.53, usiifute: hiyo ni systemd-resolved, huduma ya DNS iliyo ndani ya mashine yenyewe, na ukihariri faili hilo kwa mkono mabadiliko yako yatafutika. Andika anwani za DNS kwenye Netplan, chini ya nameservers. Uliza pia kama ofisi ina majina ya ndani, kama vile la printa, yanayojulikana na DNS ya hapo tu. Ukiweka 8.8.8.8 (DNS ya Google) peke yake, majina hayo hayatapatikana tena.

Piga `ping`, amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu, kwa 1.1.1.1 iliyo kwenye intaneti, kisha kwa jina la tovuti, kabla na baada ya kazi. Namba ikijibu na jina lisijibu, kadi iache, tazama DNS.

Mwisho, ulizia maji. Mimi huanza yakiwa yanajaa, si yanapokupwa, na mwenye ufunguo wa chumba cha seva awe Faza, simu yake ina chaji.